Madoa ya Ngozi: Lipi Huachwa, na Lipi Hupelekwa kwa Mganga



Juma lililopita mama mmoja wa milima ya Masisi alinijia baada ya masomo. Akangoja hata watoto wote walipokwisha kutoka, kisha akafungua kitambaa alichojitanda usoni, akasema: "Mwalimu, nitazame. Nimekuwa nini mimi?"

Mashavu yake yote mawili yalikuwa na madoa ya rangi ya kahawa, na jingine lilikuwa juu ya paji la uso. Yalianza alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Mama mkwe wake alisema ni kazi ya mtu mwenye kijicho. Jirani yake, kwa nia njema, alimletea kopo dogo la mafuta kutoka sokoni. Miezi mitatu ya kwanza uso uling'aa, naye akafurahi. Mwezi wa nne madoa yakarudi, meusi kuliko kwanza, na ngozi ikawa ikimwasha kama iliyopakwa pilipili kila alipotoka juani.

"Nikiacha mafuta, natisha," alisema. "Nikiendelea, naungua. Nifanye nini, Mwalimu?"

Mimi si mganga. Kazi yangu ni chaki na ubao. Lakini nilimwuliza muuguzi wetu, nikasoma vitabu vilivyopatikana, na leo nawaletea ninyi nyote yale niliyojifunza, kwa maana najua kwamba mama huyu si wa peke yake. Tena ninayo sababu yangu mwenyewe ya kutolipuuza tena swali la doa. Nitaieleza hapo mbele, ingawa si habari ya kujisifia.

Rangi yetu hutoka wapi?

Chini kabisa ya ngozi ya juu kuna seli ndogo ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi iitwayo melanini na kuwagawia majirani zake. Kila seli ya ngozi ikipokea rangi hiyo huiweka juu ya kiini chake, kama mtu ainuavyo jani la mgomba juu ya kichwa mvua inyeshapo. Mvua yenyewe ni miale ya jua, nayo yaweza kuharibu kiini cha seli. Kwa hiyo weusi wetu ni mwavuli; haukuwekwa bure.

Jambo la kushangaza ni hili: hesabu ya seli za rangi katika mwili wa Mwafrika na katika mwili wa Mzungu ni karibu sawa. Tofauti ni kwamba seli zetu hutengeneza rangi nyingi zaidi, yenye punje kubwa zaidi zinazodumu zaidi. Ni wafanyakazi wenye bidii. Lakini mfanyakazi mwenye bidii ana tabia moja: ukimchokoza huzidisha kazi. Ngozi nyeusi ikiumizwa, ikikwaruzwa, ikichomwa au ikiwashwa, mara nyingi hujibu kwa kutoa rangi nyingi. Ndipo doa huonekana. Na mahali pengine mfanyakazi huyu huchoka, huugua au hufa. Hapo baka jeupe huonekana.

Basi tuanze na madoa ya rangi ya kahawa, kisha tuje kwa mabaka meupe, kwa kuwa hatari zake si sawa.

Madoa ya kahawia

Madoa ya yule mama yanajulikana sana kwa waganga. Huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa mimba, au wanapotumia vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu mambo hayo hubadilisha vichocheo vya mwili, navyo huziamsha seli za rangi. Hukaa mashavuni, juu ya mdomo na kwenye paji la uso. Hayaambukizi, hayaui, wala hayaletwi na kijicho cha mtu. Mara nyingine hupungua yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Adui yake mkubwa ni jua. Nasi watu wa Masisi hudanganywa na baridi. Tunaamka katika ukungu, tunavaa sweta, tunadhani jua letu ni dogo. Sivyo! Sisi tuko karibu sana na ikweta, na baadhi ya vilima vyetu hupita mita 2,000. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, nguvu ya miale ya jua iunguzayo huongezeka karibu asilimia 10. Anayelima viazi au kuchunga ng'ombe huko juu huungua zaidi ya mtu wa bondeni, hata kama hasikii joto. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya madoa haya haiuzwi dukani: ni kofia pana, au kitambaa kilichofungwa vizuri kikatoa kivuli usoni.

Aina ya pili ni alama za majeraha yaliyopona. Kipele, chunusi, kuumwa na mbu, funza, upele: vyote vyaweza kupona vikaacha doa jeusi kwa miezi mingi. Ugonjwa wa mpox nao, ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa hatari kwa mataifa yote tarehe 14 Agosti 2024, huacha alama za namna hiyo. Hapa kosa letu ni kupigana na doa na kumwacha aliyelileta. Mtoto mwenye upele hujikuna usiku kucha, na kila ukucha upitapo huacha rangi. Mponye upele kwanza. Na kwa kuwa upele huhama kutoka mwili hadi mwili, hasa pale ambapo familia nzima hulala chini ya turubai moja, watu wote wa nyumba watumie dawa siku moja, na nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Aina ya tatu ni ya kwetu hasa. Tazama miundi ya wazee wetu, na ya akina mama wanaokaa karibu sana na moto au mbabula jioni za baridi. Utaona alama za kahawia zilizofumwa kama wavu wa mvuvi. Huo si ugonjwa wa damu, wala si uchawi. Ni joto la moto lililopiga ngozi kila siku, pasipo kuichoma wazi. Sogeza kigoda nyuma, na alama zitafifia polepole. Lakini mahali hapo pakitokea kidonda kisichopona, nenda hospitalini, kwa maana mara chache kansa huanzia hapo.

Tena neno moja kuhusu ndimu. Wasichana wengine hujisugua maji ya ndimu usoni wapate kung'aa, kisha hutoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huiunguza, nayo huacha doa baya kuliko lile lililofukuzwa.

Kopo la sokoni

Sasa tulifungue lile kopo. Mafuta na sabuni za kuondoa weusi, ambazo wengi huziita mkorogo, mara nyingi huwa na moja au zaidi ya vitu vitatu.

Cha kwanza huitwa haidrokwinoni. Huzizuia seli kutengeneza rangi. Waganga wa ngozi huitumia wakati mwingine, kwa kipimo na kwa muda mfupi. Lakini mtu ajipakaye kila siku bila kipimo huunyang'anya uso wake mwavuli, kisha huupeleka juani. Ngozi huungua, hukasirika, na rangi hurudi kwa nguvu. Akiendelea kwa miaka, ngozi yaweza kupata weusi wenye ubuluu, tena wa kukwaruza kama mchanga, ambao ni vigumu mno kuuondoa. Huko Afrika Kusini waganga waliandika habari za nyuso za namna hiyo mwaka 1975, na mwaka 1990 serikali ya nchi ile ikapiga marufuku mafuta hayo.

Cha pili ni zebaki. Hiyo ni sumu. Hupenya ngozini, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Minamata zilipokutana mwaka 2023 zilikubaliana kwamba vipodozi vyenye zebaki viondolewe kabisa kufikia mwaka 2025. Majirani zetu wa Rwanda walianza kuvikamata vipodozi vyenye sumu madukani kwa ukali mwishoni mwa mwaka 2018. Lakini sheria iandikwayo mjini huchukua muda mrefu kupanda milima, na kopo hufika kabla yake.

Cha tatu ni dawa kali za kutuliza ngozi, kama vile klobetasoli. Hizo ni dawa za kweli, zilizotengenezwa kwa wagonjwa. Zikipakwa usoni kila siku, ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa huonekana, chunusi hujaa, na kidonda hukawia kupona. Mwanamke akipasuliwa wakati wa kujifungua, ngozi ya namna hiyo huweza kumpa daktari taabu kuishona.

Mtauliza: mtu asiyejua Kifaransa wala Kiingereza atajuaje kilichomo? Tafuteni kwenye kibandiko neno linaloanza na herufi H-Y-D-R-O-Q. Neno lenye M-E-R-C-U. Au neno linaloanza na C-L-O-B. Ukiliona lolote kati ya hayo, rudisha kopo mezani. Na kama kopo halina maandishi yoyote, au muuzaji amelichanganya mwenyewe, basi hilo ndilo la kuogopwa kuliko yote.

Lakini yule aliyekwisha kulitumia kwa muda mrefu asiliache ghafula bila kumwona muuguzi. Kama ndani yake mna ile dawa kali, kuiacha kwa siku moja huweza kuufanya uso uvimbe na kuwaka. Achukue kopo lenyewe, alionyeshe, apunguziwe kidogo kidogo. Wala wauguzi wasimcheke. Aliyetafuta uzuri hakuiba mali ya mtu.

Baka lisilosikia

Sasa nakuja kwa habari ile niliyowaahidi.

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha, upande wa Walikale, nilikuwa na mvulana hodari darasani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Juu ya mkono wake wa kuume, karibu na kiwiko, palikuwa na baka lililopauka kidogo, si jeupe kabisa, rangi yake kama udongo mkavu. Nililiona. Nikamwambia mbele ya wenzake: "Kaoge vizuri, hiyo ni mba." Watoto wakacheka. Tangu siku ile akavaa shati la mikono mirefu, hata katika joto la msituni.

Miaka miwili ikapita. Siku moja mama yake alimkuta ameshika sufuria la moto kwa vidole vitupu, wala hakuwa na habari. Vidole viliungua, lakini hakulia. Walipompeleka hospitalini, muuguzi alichukua pamba, akaigusa ile ngozi iliyopauka, akamwambia afumbe macho na aonyeshe mahali alipoguswa. Kijana hakuweza. Ulikuwa ukoma.

Ukoma, ndugu zangu, haujaisha. Kongo yetu ni mojawapo ya nchi ambazo bado huandikisha maelfu ya wagonjwa wapya kwa mwaka. Huletwa na kijidudu alichokigundua Hansen wa Norway mwaka 1873. Si laana wala si urithi wa ukoo. Hauambukizi upesi: watu wengi mno wana nguvu ya kuushinda katika miili yao, na mgonjwa akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Hutembea polepole sana. Tangu kijidudu kiingie hata baka lionekane, huweza kupita miaka 5, na hata 20. Dawa ni bure: mchanganyiko wa vidonge kwa miezi 6 au 12, kwa kadiri ya ugonjwa. Baada ya hapo mtu amepona.

Lakini dawa huua kijidudu tu. Mshipa wa fahamu uliokwisha kufa hauufufui. Ndiyo maana wakati ni kila kitu.

Sikilizeni tena jambo linalohusu rangi. Kimoja cha vidonge hivyo, kiitwacho klofazimini, huigeuza ngozi kuwa nyeusi au nyekundu-nyeusi kwa muda. Mwezi wa nne mvulana yule alianza kuwa mweusi kama chungu. Majirani wakamwambia mama yake: "Wanamuua mwanao." Akaacha kumpa dawa. Nilitembea saa tano kwenda kwao, nikaketi pale chini ya barza, nikasema yale niliyofundishwa na muuguzi: weusi huu huondoka dawa ikiisha. Mama alinitazama, akajibu: "Na wewe, Mwalimu, si ndiwe uliyemwambia akaoge?"

Sikuwa na neno. Nilikaa kimya mpaka chakula kikaletwa. Kesho yake alimrudishia mtoto dawa. Alimaliza miezi 12, na rangi yake ikarudi polepole. Vidole viwili vya mkono wa kuume vimekunjika hata leo. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Basi mzazi, na wewe mwalimu mwenzangu, kila baka lililopauka ulijaribu. Mwambie mtoto afumbe macho, liguse kwa ncha ya pamba au unyoya wa kuku, kisha uguse ngozi nzima kando yake. Kama hasikii, au anasikia kidogo, twende hospitalini juma hilo hilo. Hata kama anasikia, lakini baka halipungui, mpeleke vilevile. Na usimwambie mbele za watu.

Mabaka mengine meupe

Mba ya kweli ipo pia, hasa katika joto na unyevu wa Walikale. Ni madoa madogo mengi kifuani, mgongoni na shingoni. Ukiyakwaruza hutoa unga mwembamba, na mguso husikika. Huletwa na ukungu, hupona kwa dawa ya ukungu, lakini rangi hukawia miezi kurudi. Msidhani dawa imeshindwa.

Kuna watu ambao ngozi yao hugeuka nyeupe kabisa mahali mahali, midomoni, mikononi, machoni, wala hawaoni maumivu. Mwili wao wenyewe umezishambulia seli za rangi. Hauambukizi hata kidogo. Kula nao, wape mkono.

Kuna tena mabaka ya miundini, meupe yenye vitone vyeusi, yanayofanana na ngozi ya chui, pamoja na mwasho wa siku nyingi. Hayo huwapata watu wanaokaa kando ya mito yenye maji ya kasi, kwa maana inzi mdogo mweusi wa huko hupanda mwilini minyoo midogo mno. Minyoo hiyo hiyo ikifika machoni hupofusha. Dawa yake, ivermektini, hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu mwaka 1987, na wataalamu wawili walioivumbua, Campbell na Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Katika mpango wa Afrika wa kupambana na ugonjwa huo, uliodumu toka 1995 hata 2015, Masisi na Walikale ziliwekwa katika mradi mmoja, na wagawaji wakachaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mtu hupimwa urefu kwa kijiti, hupewa vidonge kwa kadiri ya kimo chake. Mama mwenye mimba na mtoto asiyetimiza miaka 5 hawapewi. Dawa haitarudisha rangi ya muundi uliokwisha kuharibika, bali italinda macho. Kwa hiyo mgawaji apitapo msijifiche.

Mwisho, mtoto mdogo. Akivimba miguu, nywele zikageuka nyekundu na laini, na ngozi ikapata mabaka meusi yanayobanduka kama rangi ya ukuta, hiyo ni bwaki. Msihangaike na mafuta ya kupaka. Anakufa kwa kukosa chakula kinachojenga mwili. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Mambo sita ya kushika

1. Doa la kahawia usoni: kivuli kwanza, kopo kamwe.
2. Alama za kujikuna: ponya mwasho, doa litaondoka lenyewe.
3. Baka lisilosikia: hospitali, bila kungoja.
4. Doa jeusi wayoni, kiganjani au chini ya ukucha, likikua au likibadilika: lionyeshwe. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika, alikufa mwaka 1981 kwa kansa iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.
5. Mabaka ya mtoto pamoja na uvimbe: siku hiyo hiyo.
6. Aliye katika dawa za ukoma ashike kadi yake daima. Vita vilipofika Masisi mjini mwezi wa Januari 2025, na Walikale mjini mwezi wa Machi, watu wengi walikimbia na nguo walizovaa tu. Kadi ni nyepesi. Iwekeni pamoja na vitu vya kwanza kuchukuliwa, ili muuguzi wa kule mtakakofikia ajue aanzie wapi.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba wengi huficha kwa sababu kuna mtu aliyewacheka kwanza. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Yule mama wa madoa nilimpeleka kwa muuguzi pamoja na kopo lake. Kibandiko kilikuwa na neno lile la C-L-O-B, kwa herufi ndogo mno. Sasa anapunguza kidogo kidogo, na shambani huvaa kofia pana ya majani aliyoisuka mwenyewe. Madoa bado yapo. Muuguzi alimwambia wazi kwamba yatachukua miezi mingi, na pengine hayataisha yote. Lakini jana alipopita shuleni kumchukua mwanawe, hakuwa amejitanda kitambaa usoni. Alinisalimu mbele ya watu wote, akaenda zake.